Sanduku Lililowaogopa Wageni

Wellars alikuwa na viatu vya ngozi alivyovipiga rangi kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha fizikia, na alikuwa na alama ndogo za kuungua kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Watu wa Gisenyi waliokutana naye kwenye barabara ya ziwani waliviona viatu, wakamsalimu kwa heshima anayostahili mwalimu. Vidole walivijua watu wa nyumbani tu, na hakuna hata mmoja wao aliyevitangaza nje.

Nyumba yao haikuwa ya watu wa ovyo. Marehemu baba yake, walipokuwa ukimbizini Tabora, alifuga ng'ombe wachache tu, lakini mgeni hakutoka kwake bila kunywa maziwa ya mgando yaliyoshika vizuri, mazito, yanayoacha alama nyeupe juu ya mdomo. Waliporudi Rwanda, watu waliowafahamu tangu kule walikuja nao wakilisimulia jambo hilo. Mzee hakuacha mashamba wala majumba. Aliacha sifa ya maziwa, na Wellars, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyeirithi.

Zile alama za vidoleni zilitoka kwenye chuma cha kuchomelea waya. Tangu kijana Wellars alikuwa akifungua redio. Mwaka wa tisini na tisa, barabara zilipotulia na watu wakaanza tena kusafiri bila wasiwasi, mwalimu mwenzake, Johnson, aliyekulia Kampala, alimletea kutoka huko kibao cha saketi kilichokuwa kimetupwa stoo ya chuo fulani. Katikati ya kibao ilikaa chipu moja nyeusi yenye miguu pande zote, mfano wa mende aliyetulia. Ndani ya mende huyo, Wellars aliwaeleza watu wa nyumbani, mlikuwa na kompyuta nzima: inapima, inakumbuka, inawasha na kuzima.

Lakini kilichomkosesha usingizi kwa furaha hakikuwa chipu yenyewe. Pembeni mwa kibao palikuwa na safu ya pini ndogo, na hapo ndipo alipochomeka waya mpana uliokwenda hadi kwenye kompyuta yake kuukuu ya maandishi ya kijani. Aliziita pini hizo mlango wa uani. Kupitia mlango huo aliweza kuisimamisha chipu palepale ilipofika, kama unavyomwita mtu jina lake njiani akageuka, kisha akaiuliza: umeshika namba gani, unaelekea wapi, hatua ifuatayo ni ipi? Nayo ilijibu bila kuficha. Wellars alikuwa amefundisha mamia ya wanafunzi, na hakuwahi kupata hata mmoja wa kumjibu hivyo.

"Watu wengine wanapenda kitu kikifanya kazi," mke wake Diane alipenda kusema, akimtaja kwa jina la mtoto wao. "Papa Shema, ye anapenda kikiharibika, apate kukiuliza maulizo."

Diane alikuwa mwenyeji wa Gisenyi, nusu ya ukoo wake ukiwa Goma ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Mama mkwe wake, Mama Pascasie, alikuwa na Kiswahili cha Tabora, kilichonyooka kama godoro lililotandikwa. Walipokaa jikoni pamoja na Kabatesi, dada mdogo wa Wellars, mazungumzo yalikuwa ya lugha tatu na vicheko vya lugha moja.

Maziwa yao yalitoka kijijini Mudende, na Diane ndiye aliyeyagandisha. Shida ilikuwa baridi. Asubuhi moja maziwa yalishika, asubuhi nyingine yakabaki maji, kulingana na upepo ulivyoshuka kutoka mlimani. Wellars akaona hapo pana kazi ya mende wake. Akatengeneza sanduku la mbao, akaweka ndani taa mbili za kupasha joto na kipimajoto kidogo, akakifunga kile kibao kwa juu. Ukiweka chungu alfajiri na kubonyeza kitufe, chipu ililinda joto mpaka adhuhuri, ikiwasha taa na kuzizima, na kitaa kidogo cha kijani juu ya kibao kikaonyesha kwamba iko kazini. Kwa kuwa umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara, aliipangia sheria moja ya usalama: ikizimika kwa sababu yoyote, ikiamka upya isiwashe taa hadi mtu abonyeze kitufe. Hakutaka nyumba iungue watu wakiwa kanisani.

Sanduku lilikaa sebuleni, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na soketi ya kuaminika. Likafanya kazi vizuri ajabu. Diane, aliyekuwa ameliita jeneza, akaacha kuliita jeneza.

Kisha wakaja wageni.

Mgeni wa kwanza alikuwa mkuu wa shule. Chungu kilipofunguliwa, maziwa yalikuwa vuguvugu na mepesi, yanatikisika kama maji ya kuoshea bilauri. Diane aliona aibu, akaleta chai. Siku zilizofuata, nyumba ikiwa na wenyewe tu, maziwa yakashika kama kawaida. Wakaja wanakwaya wenzake Mama Pascasie: maji. Akaja shangazi wa kijana aliyekuwa akimtaka Kabatesi, mama mmoja mwenye macho ya kukagua: maji tena. Shangazi huyo aliweka bilauri chini baada ya funda moja, akasema kwa upole, "Ng'ombe wa huku bado wanazoea."

Mama Pascasie alisubiri mgeni avuke lango. Ndipo alipomwita mwanawe.

"Wellars. Wiki chache zijazo wazee wa kijana wanakuja rasmi kumwomba dada yako. Watakuja na msemaji wao, na watakaa kwetu wakitutazama kuanzia paa hadi vikombe."

"Najua, Mama."

"Baba yako hakuwahi kumpa mkwe maziwa ya kutikisika. Sanduku lako lina tabia gani? Tukiwa peke yetu linafanya kazi, wakija watu linaona haya."

"Si haya, Mama. Kuna hitilafu."

"Basi itafute. Likiharibika tena mbele ya mgeni, linarudi kuwa kuni, na siku ya wakwe nitakwenda kuazima vyungu kwa majirani. Nami sijawahi kuazima chungu."

Aliyasema hayo bila kupandisha sauti, na ndiyo maana Wellars hakulala fofofo usiku huo kama ilivyokuwa desturi yake.

Alianza kazi kama mtu mwenye elimu anavyoanza. Alichomeka ule waya mpana kwenye kompyuta, akaukalia mlango wa uani akiihoji chipu kutwa nzima ya Jumamosi. Ikajibu kila swali sawasawa. Joto lilikuwa sawa. Hesabu zilikuwa sawa. Maziwa yakashika, mazuri kabisa, wakayanywa wenyewe.

Akabadilisha kipimajoto. Akabadilisha taa. Akahisi ni umeme wa mji, kwamba saa za wageni labda ndizo saa ambazo watu wengi hupiga pasi. Johnson alipokuja kuazima vitabu, Wellars alificha kompyuta nyuma ya pazia, waya ukapita chini ya kiti, ili aichungulie chipu mgeni akiwa ndani. Siku hiyo maziwa yalishika hata kijiko kikasimama.

"Unaona?" alisema Diane. "Ukiiangalia, inajiheshimu. Ukigeuka, inafanya upuuzi. Ni kama wanafunzi wako."

"Mama Shema, siku zile za wageni wewe ulifanya nini hasa?"

"Mi? Sikufanya kitu. Niliweka chungu, nikafinya bouton, nikafagia, nikaosha bilauri. Njo hiyo tu."

"Hukuigusa?"

"Niiguse kwa nini? Ile waya zote ziko inje kama matumbo ya mbuzi, mi naogopa."

Wellars akaandika akilini: hakuigusa. Likabaki jambo moja tu la kujaribu, nalo lilimfanya aone haya kulitamka. Akalitamka Jumapili baada ya misa. Alitaka mke wake na dada yake wajifanye wageni.

Kabatesi alifurahi kupita kiasi. Alitoka nje, akabisha hodi kwa sauti nzito ya mzee, akaingia akikohoa, akaketi kwenye kiti kikubwa, akaulizia hali ya mvua, ya mahindi, ya bei ya sabuni, na akamsifu Wellars kwa kuwa na dada mrembo namna ile asiyestahili kuolewa na mtu wa kawaida. Diane akacheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Sanduku likafanya kazi bila kutetereka. Maziwa yakashika.

"Halijadanganyika," Wellars alisema, akiwa amekata tamaa. "Linajua kwamba nyinyi si wageni."

Mama Pascasie alikuwa akiwasikiliza kutoka chumbani. Akatoka.

"Hata mimi singedanganyika," alisema. "Mgeni gani huyo amevaa kandambili? Kama mnataka kuona mgeni, muone mgeni. Kesho mchana nitakuja."

"Unaishi hapa, Mama," Kabatesi alisema.

"Kesho nitakuja."

Hapakuwa na shule kesho yake. Mama Pascasie alitoka asubuhi kwenda kwa rafiki yake wa kwaya bila kuaga sana. Adhuhuri ilipokaribia, lango likagongwa. Diane alichungulia dirishani, akamwona mama mkwe wake amesimama pale amevaa mshanana wake wa hariri wa rangi ya zambarau, ule wa harusi za watu wakubwa, mkufu shingoni, mkoba mkononi, na nyuma yake yule rafiki wa kwaya naye akiwa amependeza. Hakusukuma lango. Alisubiri kufunguliwa, kama mtu ambaye hajawahi kufika hapo.

Mwili wa Diane ukaelewa kabla ya kichwa. Alikuwa akicheka, lakini mikono ilikuwa tayari kazini. Ikavuta viti vikakaa sawa. Ikaokota gazeti sakafuni. Ikafungua kabati na kutoa vile vitambaa vya kufuma, vyeupe, vyenye maua ya pembeni, alivyovifuma mwenyewe kwa nyuzi za nailoni kutoka sokoni Goma: kimoja juu ya meza, kimoja juu ya redio, na kile kikubwa kuliko vyote, chenye pindo refu, juu ya sanduku la Wellars. Kwanza alikikunja, akapangusia vumbi kwenye mbao, akisugua huku na huku. Kisha akakikunjua, akakivuta taratibu juu ya kibao, juu ya waya, juu ya matumbo yote ya mbuzi, mpaka pakabaki maua tu.

Siku nyingine za wageni Diane alivitandika vitambaa tangu asubuhi, Wellars akiwa nje akijiandaa kuwapokea langoni, kama mwenye nyumba anavyopaswa. Siku hiyo, kwa kuwa mgeni alikuwa mama yake, alibaki ameketi kwenye kigoda kando ya sanduku, macho yake kwenye kitaa cha kijani. Alikiona kikiwaka. Alikiona kitambaa kikipita. Alisikia mlio mdogo, mdogo kuliko wa mtu anayevunja kucha, na kupitia tundu la ua la nailoni akakiona kitaa kimezimika.

Aliinua kitambaa kwa vidole viwili, akabonyeza kitufe, kitaa kikawaka. Akakisugua kitambaa kwenye mbao, akakipitisha tena. Tiki. Kikazimika.

Mama Pascasie alikuwa ameshaingia, amesimama katikati ya sebule.

"Siku hizi mwenye nyumba hapokei wageni langoni?" aliuliza.

"Mama," Wellars alisema bado akiwa ameliinamia sanduku, "karibu sana. Karibu mno."

Aliwaeleza wote palepale, na rafiki wa kwaya akasikiliza kwa makini kuliko anavyosikiliza mahubiri. Ule waya mpana wa mlango wa uani alikuwa akiuchomoa kwenye kompyuta kila alipomaliza kuihoji chipu, lakini upande wa kibao aliuacha umechomekwa, ili asisumbuke kesho. Ncha yake ikawa inaning'inia. Ndani ya waya huo mpana mlikuwa na uzi mmoja ambao kazi yake ni kuiambia chipu ianze upya. Ukiwa umeshikwa na kompyuta, umetulia. Ukiachwa wazi, unapokea lolote linalopita. Na kiangazi hiki hewa ni kavu, nailoni ikisuguliwa inabeba umeme, ule ule unaotoa cheche mtu akivua sweta. Kitambaa kilipopita, kilirusha cheche kwenye ncha. Chipu ikaamka upya, ikaikumbuka sheria ya usalama, ikakaa kimya kusubiri kitufe. Na kitaa cha kuwaonya watu kilikuwa kimefunikwa na maua.

"Ndiyo maana nikiichungulia inapona," alisema. "Ninapochomeka waya ili niutafute ugonjwa, ninaufunga mlango ambao ugonjwa unaingilia."

Diane alikuwa hacheki tena. "Donc ni kitambaa yangu njo ilikuwa inaharibu maziwa? Na mi nilisema sikuigusa."

"Hukuigusa. Uliivika."

"Kuivika si kufanya kitu," alisema Diane kwa kujitetea. "Ni kupokea watu. Nani anahesabu ile?"

"Kosa ni langu. Mimi niliacha mlango wazi."

"Bon. Basi nitakiondoa, na siku ya wakwe sanduku ikae uchi."

Hapo Mama Pascasie aliweka mkoba wake mezani.

"Hakuna kitu kitakachokaa uchi katika nyumba hii," alisema. "Wakwe wakute waya zimetapakaa, waende wakaseme kwa mwalimu ni gereji? Kitambaa kitabaki. Wewe, Wellars, funga huo mlango wako."

"Ninaweza tu kuuchomoa waya, Mama. Kazi imekwisha."

"Na siku ukiurudisha na kuusahau?"

Wellars akalikubali hilo, kwa kuwa lilikuwa swali ambalo yeye mwenyewe angemuuliza mwanafunzi. Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado juu ya ziwa, alichomelea kwenye kibao rezista moja ndogo ya kuushikilia ule uzi mahali pake hata ukiachwa peke yake, akakaza pembeni yake kijisehemu cha kumeza cheche, na zile pini za nje akazivika kofia ya plastiki. Kisha akamwita Diane, akampa kitambaa, akamwambia asugue kwa hasira zote alizonazo. Diane alikuwa nazo za kutosha. Alisugua mpaka vinyweleo vya mkono vikasimama, akakivuta, akakirudisha, akakipepea kama bendera. Kitaa hakikupepesa.

"Sasa nimekitesa," alisema akihema, na cheko lake likarudi.

Kwa siku kadhaa maziwa yalishika chini ya kitambaa, na Mama Pascasie aliyaonja kila siku bila kutoa maoni. Rafiki wa kwaya alimuuliza kama aandae vyungu vyake. Mama Pascasie akamjibu kwamba havitahitajika. Alisema hivyo mbele ya watu, na wote waliomjua walifahamu kwamba tayari ameliweka jina la marehemu mumewe ndani ya lile sanduku.

Siku ya wakwe ilipofika, turubai lilifungwa uani, viti vikapangwa kwa safu mbili zinazotazamana, na Wellars akaketi mbele kwa niaba ya baba yake, suti imenyooka, viatu vinang'aa. Hapo alipoketi, kwa ada, hakuweza kuinuka kwenda kulitazama sanduku. Msemaji wa upande wa pili, Karenzi, mzee mnene mwenye ulimi wa asali na pilipili, alikuwa amekwisha kuanza kuzunguka na maneno kama ilivyo ada, akidai wamepotea njia tu, walikuwa wakitafuta mbuzi. Upepo ulikuwa mkavu. Kila Diane alipopita mlangoni, Wellars alimtazama usoni asipate habari yoyote. Alikuwa na mlango wa kuisomea chipu mawazo yake, lakini mke wake hakuwa na pini.

"Mmechoka na safari," Mama Pascasie alisema hatimaye. "Wapeni wageni maziwa."

Diane akaleta chungu, Kabatesi akiwa bado amefichwa ndani kama inavyotakiwa. Bilauri ya kwanza ilikuwa ya Karenzi. Kwa kitambo chungu kiliinama bila kutoka kitu, na Wellars akaona yule shangazi mwenye macho ya kukagua akijiinua kidogo kwenye kiti chake. Kisha maziwa yakaja, polepole, yakikatika mapande mapande, yakaanguka ndani ya bilauri kwa sauti ya kitu chenye uzito.

Karenzi akanywa. Akanywa tena mpaka chini, na akabaki na mstari mweupe juu ya mdomo ambao hakuna mtu wa upande wake aliyethubutu kumwambia aufute.

"Tulisikia kwamba ng'ombe wa huku bado wanazoea," alisema, akimtupia jicho shangazi. "Naona wamezoea. Nani kayagandisha haya?"

"Watoto wangu," alisema Mama Pascasie.

"Wana dawa?"

"Wana sanduku, lipo ndani. Wellars alilitengeneza, Diane akalivika."

Karenzi alikuwa msemaji, na msemaji hapitwi na nafasi. Alisimama, akarekebisha vazi begani, akageukia safu ya Wellars.

"Basi nimekumbuka, hatukuja kutafuta mbuzi. Tumekuja kumwomba binti yenu Kabatesi. Na kama ukarimu wenu haujafika mwisho, tunaomba aje na hilo sanduku."

Upande wake ukacheka na kupiga makofi. Wellars akafungua mdomo, lakini jibu la ukoo lilikuwa limekwisha kutoka kwa mama yake, aliyeketi wima kama mshumaa.

"Binti tutazungumza," alisema. "Sanduku bado halijafikia umri wa kuolewa."

Karenzi akainyoosha bilauri yake kwa Diane, ajaziwe tena.